Mwandishi Mkristo asiogope kumwacha mgonjwa afe katika hadithi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niyajibu maoni ya msomaji mmoja aliyeandika, wiki chache zilizopita, kwamba hadithi zinazotungwa na Wakristo wa nchi hii ni mahubiri yaliyovikwa kanzu ya hadithi, na kwamba mwandishi mwenye imani hawezi kuwa msanii wa kweli kwa kuwa mwisho wa kisa chake unajulikana kabla hajashika kalamu. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za mkoa huu wa Dodoma kwa miaka 31, na tangu nilipostaafu nimekuwa nikiandika hadithi fupi na kukiongoza kikundi kidogo cha usomaji kinachokutana kanisani kwetu kila Jumamosi alasiri. Jambo hili basi linanigusa, ingawa sitaki kulijibu kwa hasira, maana nusu ya maneno ya msomaji huyo ni kweli tupu.

Ni kweli kwamba hadithi nyingi zinazopita mikononi mwangu hufuata njia moja iliyokwisha kukanyagwa sana. Mtu anaugua, au anaachishwa kazi, au anakaa katika ndoa miaka mingi bila mtoto. Anazunguka kwa waganga mpaka mbuzi wa mwisho anauzwa. Jirani anamkaribisha ibadani. Na katika ukurasa wa mwisho amepona, ameajiriwa, au amejifungua mapacha. Ninachokikataa ni sababu anayoitoa msomaji huyo. Yeye anadhani hadithi hizo ni dhaifu kwa sababu waandishi wake wana imani nyingi mno. Mimi nasema ni dhaifu kwa sababu imani iliyoziandika ni haba: mwandishi anaogopa kwamba akiuacha uchungu ukae ukurasani mpaka mwisho, Mungu ataaibika, na kwa hiyo anaharakisha kumsaidia Mungu kazi.

Nayasema haya kwa sababu kosa hilo nimelitenda mimi mwenyewe. Mume wangu alifariki kwa ugonjwa wa figo, mwezi wa Februari, uwele ukiwa umeanza kutoa masuke. Tulikuwa tumeomba, na kanisa lote lilikuwa limeomba pamoja nasi, usiku na mchana. Miezi kadhaa baadaye nilikaa nikaandika hadithi ya mwalimu mmoja mgonjwa wa figo, nikaweka ndani yake kitanda chetu, redio yetu, na namna miguu yake ilivyovimba hata viatu vikabaki mlangoni bila mtu wa kuvivaa. Lakini nilipofika mwisho nilimponya. Mwezi wa Novemba, tukingojea mvua, nilimsomea mama mkwe wangu hadithi hiyo. Hakuwahi kujifunza kusoma, ila masikio yake hayapitwi na neno. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya karanga za mbegu, moja moja, kwa uangalifu ili ngozi nyekundu isichubuke, kwa kuwa karanga iliyochubuka haioti vizuri. Nilipomaliza hakunisifu.

“Huyu wa kwenye karatasi amepona,” alisema kwa Kigogo, bila kuinua macho. “Wa kwetu tumemzika. Sasa hii umemwandikia nani, mwanangu?”

Nilimweleza kwamba hadithi ya Mkristo inapaswa kumpa msomaji tumaini. Akamenya karanga nyingine mbili tatu, kisha akasema: “Tumaini ninalo, ndiyo maana kila Jumapili naamka kwenda kanisani. Lakini mwanangu amekufa.”

Ndugu Mhariri, katika miaka yote niliyofundisha fasihi sijawahi kusikia uhakiki uliokuwa na haki kuliko huo. Mama yule aliviweka vitu viwili kando kwa kando, tumaini lake na kifo cha mwanawe, wala hakukiruhusu kimoja kikifute kingine. Mimi mwenye vyeti nilikuwa nimefuta kimoja. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti, na nadhani uchungu wa kuzika mtoto aujuaye ni mzazi. Mwandishi anayeugeuza uchungu huo ili upendeze masikioni mwa waumini anamnyang’anya mzazi kitu chake.

Sisi wa Dodoma tuna mfano wa karibu, na huwa nashangaa jinsi tunavyomsahau. Mathias Mnyampala alizaliwa Ihumwa mwaka 1917, upande ule ambako leo magari ya serikali hupita kila asubuhi kwenda Mtumba. Mwaka huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa Mtunya, njaa kubwa ambayo wazee wa Ugogo waliitaja kwa jina hilo mpaka wajukuu wakalijua. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza waliouteka mji wa Dodoma mwaka 1916, yalichukua nafaka na ng’ombe, wakachukua na wanaume kuwa wapagazi, na mvua nazo zilipokataa hapakuwa na akiba ghalani wala nguvu kazi shambani. Njaa ile iliendelea hadi mwaka 1920. Mtoto aliyezaliwa wakati huo alijifunza kutembea katika nchi iliyokuwa ikihesabu makaburi yake.

Mtoto huyo alikua akawa Mkatoliki, liwali, hakimu, na mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili. Wengi wanamkumbuka kwa ngonjera zake, ambazo shule zetu zilizighani miaka mingi baada ya kufa kwake mwaka 1969, na wasomi wanamkumbuka kwa kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo. Mimi namkumbuka zaidi kwa kazi mbili ambazo sizioni tena madukani: Utenzi wa Enjili Takatifu wa mwaka 1963 na Utenzi wa Zaburi wa mwaka 1965. Hebu tulitazame tendo hilo lilivyokuwa. Mgogo wa bara, Mkristo, alichukua bahari ya utenzi, yenye mishororo minne na mizani nane kwa kila mshororo, ambayo Waislamu wa pwani walikuwa wameilea kwa karne nyingi, akaimimina Zaburi ndani yake. Hakuona kwamba imani yake inamtenga na ufundi wa jirani. Na hakuchagua Injili peke yake, yenye ufufuo mwishoni. Alizichukua pia zaburi, ambazo sehemu kubwa yake ni malalamiko ya watu waliobanwa. Nadhani hakimu anayekaa barazani kila siku akisikiliza watu wakidai haki zao anazisoma zaburi za malalamiko kwa sikio ambalo sisi wengine hatuna. Tawasifu yake ilichapishwa mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake, na jina aliloipa ni Maisha ni Kugharimia. Mtu aliyetunga jina hilo alikuwa Mkristo wa kanisani, na hakuona haya kusema kwamba kuishi ni kulipa.

Nikirudi kwenye Zaburi zenyewe: iko moja, ya 88, ambayo wahubiri wetu huiruka. Mwimbaji anamlilia Bwana mchana na usiku, anamwambia kwamba amemweka katika shimo la chini kabisa, anauliza kwa nini anamficha uso wake, na wimbo unaishia gizani. Hakuna ubeti wa shukrani unaofuata. Waliokusanya Biblia waliukuta wimbo huo hivyo na wakauacha hivyo, wala hawakumwongezea mgonjwa uponyaji. Niliwasomea wenzangu wa kikundi zaburi hii Jumamosi moja, na mama mmoja mwenye mtoto aliyelala kitandani tangu kuzaliwa aliniomba nimwandikie namba ya zaburi hiyo kwenye karatasi, akaikunja na kuifunga katika pindo la khanga pamoja na nauli yake. Alisema hakujua kwamba Biblia inaruhusu.

Na Ayubu je? Watu wanapenda kutaja kwamba mwishoni alirudishiwa vyote maradufu. Wasome kwa makini. Kondoo, ngamia, ng’ombe na punda walirudi maradufu, lakini watoto walikuwa saba wa kiume na watatu wa kike kabla ya msiba, na baada ya msiba akapata saba wa kiume na watatu wa kike. Wale kumi wa kwanza hawakurudi. Kitabu hakisemi lolote kuhusu Ayubu kuwasahau, na mwandishi makini angesimama hapo, kwenye nyumba yenye watoto kumi ambayo ilistahili kuwa na ishirini.

Msomaji wenu anaweza kuniambia kwamba hayo ni Maandiko, na kwamba tunazungumza habari za hadithi za kubuni. Vema. Basi tuitazame hadithi ya kubuni ambayo Wakristo wa lugha nyingi wameisoma kuliko nyingine zote, nayo ni Safari ya Msafiri ya John Bunyan, iliyochapishwa Uingereza mwaka 1678 na ambayo wazee wetu waliisoma kwa Kiswahili. Hapa hoja ya msomaji huyo inavunjika kabisa, kwa maana mwisho wa safari ile unatajwa tangu mwanzo: msafiri anakwenda Mji wa Mbinguni, na kila anayefungua kitabu anajua anakokwenda. Kinachomshika msomaji ni njia. Bunyan alikuwa fundi wa kuziba masufuria. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri bila ruhusa ya kanisa la serikali, akakaa katika gereza la Bedford miaka 12, ingawa angeweza kutoka kama angekubali kunyamaza. Huko ndani alisuka kamba za viatu ili zikauzwe, familia yake ipate chakula. Alikuwa na binti kipofu, Mary, na ameandika kwamba kutengana na mke na watoto kulikuwa kama kubanduliwa nyama kwenye mifupa, hasa kwa ajili ya mtoto yule aliyekuwa karibu na moyo wake kuliko wengine wote.

Nilipolieleza jambo hili katika kikundi chetu, chumba kilinyamaza. Sisi ni watu wa nchi kavu yenye vumbi na nzi, na ugonjwa wa vikope umechukua macho ya wengi katika vijiji vyetu, kuanzia Kongwa hata huku kwetu. Mzee mmoja aliyepofuka kwa ugonjwa huo, ambaye huja akiongozwa na mjukuu wake, aliuliza swali moja tu: huyo binti, baba yake akiwa ndani, nani alikuwa akimshika mkono kwenda kisimani? Sikuwa na jibu. Lakini tangu siku hiyo naisoma kwa namna nyingine ile sehemu ya Safari ya Msafiri yenye shimo la Jitu Kata Tamaa. Bunyan anasema wasafiri wawili walilala humo tangu Jumatano asubuhi hadi Jumamosi usiku, bila chakula wala maji. Mtunzi aliyesikia habari za gereza kwa watu angesema walikaa siku nyingi. Aliyewahi kufungwa anazitaja siku kwa majina yake. Hata mwishoni kabisa, kwenye mto wa mauti, msafiri mkuu anaanza kuzama na kuogopa, na mwenzake ndiye anayekishika kichwa chake kisizame. Imani ya mtunzi ilimpa safari na mji, na gereza likampa Jumatano na Jumamosi.

Nitamtaja mmoja mwingine kwa kifupi, Fyodor Dostoevsky wa Urusi, ambaye alipata kusimamishwa mbele ya bunduki mwaka 1849, akasamehewa dakika za mwisho, akapelekwa Siberia kufanya kazi ngumu miaka minne. Mwaka 1878 mtoto wake Alyosha, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, alikufa kwa kifafa, ugonjwa aliokuwa nao baba yake mwenyewe. Katika riwaya yake ya mwisho, iliyotoka muda mfupi baadaye, kuna mama mkulima aliyefiwa na mtoto wa umri huohuo, anayekuja kwa mtawa mzee kutafuta faraja. Mtawa anaanza kwa faraja ile tunayoijua sisi sote, kwamba mtoto yuko kwa Mungu pamoja na malaika. Mama anajibu kwamba mume wake humwambia vivyo hivyo, na huku akimwambia analia yeye mwenyewe. Hapo mtawa anabadilika, anamwambia asifarijike, alie. Mtu asiyeamini asingeweza kuyaandika maneno ya kwanza kwa heshima, na mtu ambaye hajazika mtoto asingefika kwenye maneno ya pili.

Najua wako wachungaji watakaoisoma barua hii na kusema kwamba nawakatisha watu tamaa, na kwamba ushuhuda wa uponyaji huwajenga waumini. Sipingi uponyaji. Nimeona mtu akiinuka, na aliyeinuka aandike kwamba aliinuka. Asipoandika atakuwa ameficha neema. Lakini nakumbuka shuhuda nilizozisikia utotoni kwa wazee walioguswa na uamsho ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 ukaenea mpaka huku kwetu. Wazee wale walisimama mbele ya watu wakaungama walivyoiba, walivyowadanganya wake zao, na walivyokuwa bado wanashindana na hasira wiki hiyohiyo. Alikuwapo mmoja ambaye kila mara alisema jambo lilelile, kwamba hajaweza kumsamehe ndugu yake, kisha anaomba wimbo na kuketi. Hakuna aliyemzuia kusimama wiki iliyofuata. Ushuhuda wa namna hiyo ulikuwa shule ya hadithi, kwa sababu msemaji hakujua bado kisa chake kitaishia wapi. Siku hizi tumeufanya kuwa fomu ya kujaza, na vijana wanaotaka kuandika wanaanza kwa kuijaza fomu hiyo.

Nawaona vijana hao. Mmoja aliniletea kisa cha mchungaji wa mifugo, kimejaa malisho ya majani mabichi na maji ya utulivu, nami nikamuuliza ni lini mara ya mwisho aliyaona majani mabichi mwezi wa Oktoba katika kijiji chao. Akacheka, kisha akaanza kunisimulia jinsi yeye na kaka yake walivyokuwa wakifukua mchanga wa korongo mpaka kina cha kifua, wakisubiri maji yajikusanye kikombe kwa kikombe, ndama akilia juu yao, na jinsi walivyokuwa wakipokezana kukaa shimoni kwa sababu kingo zilikuwa zikimomonyoka. Nilimwambia aende akaandike hilo shimo. Daudi alipoimba kwamba nafsi yake inamwonea Mungu kiu katika nchi kame isiyo na maji, alikuwa akisema habari za koo lake, na kijana wa Ugogo ana haki ya kusema habari za koo lake pia kabla hajafika kwenye maji ya utulivu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako hupokea hadithi fupi nyakati za Krismasi na Pasaka, na wachapishaji wa vitabu vya Kikristo, wakiwamo walioko hapa Dodoma, hupokea miswada mwaka mzima. Msiirudishe hadithi kwa sababu tu mgonjwa wake hakupona au ndugu wake hawakupatana. Mwulizeni mwandishi kama aliyaona anayoyasema, na kama Mungu wake anaweza kuvumilia kuulizwa. Na kama yupo mchapishaji anayeweza kuzirudisha sokoni tenzi mbili za Mnyampala, walimu wa mkoa huu watazinunua, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni.

Hadithi ile ya mwalimu mgonjwa wa figo nimeiandika upya, na nimeiambatanisha na barua hii. Mama mkwe ameshaisikia, akaniomba nirudie sehemu ya viatu vilivyobaki mlangoni. Mgonjwa anafariki katika ukurasa wa tano, na hadithi inaendelea kwa kurasa nyingine tisa.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Dodoma